Kisima cha Daraja la Kati

Bakuli la tambi lilipomponyoka mwenyewe katika stesheni ya Namba mjini Osaka, Jumamosi asubuhi, watu waliruka kila upande. Mama mmoja alikumbatia mkoba wake. Wanafunzi wawili walipiga ukelele. Mzee mmoja aliondoa viatu vyake vipya njiani kwa kasi ambayo hata daktari wake asingeiamini. Mwanaume mmoja tu, mrefu, mwembamba, mwenye miwani ya fremu za kahawia, alifanya kinyume cha wenzake. Alijitupa mbele, akalidaka bakuli kwa mikono miwili, kisha akapiga yowe.

"Nimeungua! Jamani, nimeungua!"

Msichana aliyeliangusha alikuwa amesimama mbele yake katika koti la rangi ya haradali na skafu nyekundu, nywele amezibana kisogoni kwa penseli. Midomo ilikuwa inamchezacheza.

"Kaka, samahani sana. Lakini hiyo ni plastiki."

Mwanaume akatazama alichokishika. Mvuke haukuwapo. Tambi hazikusogea hata kidogo. Nusu ya yai ilikuwa imetulia palepale ilipogandishwa, ute wake unang'aa vizuri kuliko wa yai lolote la kuku.

"Lakini nimeungua," alisema kwa sauti ndogo.

"Umeungua na plastiki baridi?"

"Vidole vinawaka, dada. Tazama, vimekuwa vyekundu."

Kweli vilikuwa vyekundu. Msichana, Kozue Minamide, alicheka mpaka akashika nguzo. Kazi yake ilikuwa hiyo, kutengeneza vyakula vya kuonyesha kwenye madirisha ya mikahawa, katika karakana moja nyuma ya mtaa wa vyombo vya jikoni. Watu walishatokwa mate kwa kazi yake, mtoto mmoja alishang'ata kamba wake wa plastiki akavunja jino, lakini kuungua hakuna aliyewahi.

"Hujui umenisifia kiasi gani," alisema akijifuta machozi. "Twende nikununulie vitumbua vya pweza. Vile vinaunguza kweli."

"Nawahi kazini."

"Kazi gani?"

"Nauza miwani."

"Wee! Unauza miwani, halafu hukuona kwamba hii ni plastiki?"

"Niliogopa kwanza," alisema Ryohei Tsujimoto. "Kuona kulikuja baadaye."

Jibu lile ndilo Ryohei mzima, na anayetaka kumwelewa asilisahau. Aliogopa lifti. Aliogopa mbwa wa jirani, mbwa mwenyewe hana meno. Kinyozi akifika shingoni alifumba macho na kuhesabu kimoyomoyo. Lakini lifti alipanda, mbwa alimsalimia kila asubuhi, na kwa kinyozi alikwenda, huku anatetemeka. Kozue alipoligundua hilo ndipo alipompenda. Mwanaume asiyeogopa kitu alishawahi kuwa naye, na alimwacha mvuani bila mwavuli.

Usiku simu zao zilikuwa hivi:

"Umefika?"

"Nimefika."

"Mlango umefunga?"

"Nimefunga, mwoga wangu."

"Na gesi?"

"Ryohei, nimeshalala."

"Na gesi, mpenzi?"

"Haya, ngoja nikaangalie."

Mara moja Kozue alikuta kweli hakuifunga. Hakumwambia, ila tangu siku hiyo hakulalamika tena akiulizwa.

Novemba, majani yalipoiva rangi, Ryohei alimwalika mlima Koya, mlima wa mahekalu na makaburi. "Nataka ukamsalimie baba," alisema. Baba alikuwa amezikwa huko siku nyingi, chini ya mierezi. Kozue hakuwa mtoto. Alijua mwanaume hampeleki mwanamke kwenye kaburi la babake kwa ajili ya kupunga upepo. Alinunua buti mpya za kupandia mlima, akavaa sweta la kijivu ambalo Ryohei alikuwa hachoki kulisifia. Naye Ryohei alitia pete ndani ya kijaluba cha miwani, kijaluba akakitia mfuko wa ndani wa koti, na kila baada ya stesheni mbili alikigusa.

Walishuka penye jumba la wanawake, njia ya miguu inapoanzia.

"Kwa hiyo zamani mimi ningeishia hapa," alisema Kozue.

"Ungeishia hapa. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Walizunguka mlima kwa nje, wanachungulia mapaa ya mahekalu kwa mbali."

"Basi leo tuzunguke kama wao, halafu tuingie. Tuwalipie kisasi."

Njia ilipita juu ya vilima, nyembamba, imejaa mizizi. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni bila haraka. Kozue alitangulia, kengele ya kufukuzia dubu inalia kiunoni mwake, na nyuma yake Ryohei alisimama kila kichaka kilipotikisika.

"Umesikia? Ni dubu?"

"Ni tumbo langu."

"Kozue, sitanii."

"Wala mimi sitanii. Tukae tule."

Walikula matonge ya wali na tofu ya ufuta, nyeupe na laini kama jibini, wameketi juu ya mzizi. Chini yao kengele ya hekalu ililia, sauti ikazunguka bonde lote na kuwarudia. Kozue akaacha kutafuna. Akamwegemea. "Huku kuzuri," alisema, "lakini kunatisha. Sijui kwa nini." Ryohei alijua kwa nini, ila hakutaka kusema siku ile.

Alasiri waliingia makaburini. Maelfu kwa maelfu ya mawe yamevaa ukoga wa kijani, mengine yameinama, mengine yamemezwa na mizizi. Na mierezi juu yake imesimama mirefu hata mchana unafika chini umechoka. Waliokuwa wakiongea waliongea kwa kunong'ona. Wakafika Daraja la Kati. Ukilivuka tu, mkono wa kulia pana kibanda cha Jizo, mlinzi wa wasafiri na wafu, sanamu nyeusi ya jiwe ambayo watu husema inatoka jasho kwa kubeba mateso yetu. Ubavuni mwa kibanda pana kisima kidogo chenye kijipaa chake. Kila aliyezaliwa chini ya mlima ule anajua habari zake: ukichungulia ukaona sura yako majini, nenda salama; usipoiona, hutamaliza miaka mitatu.

Babake Ryohei alichungulia siku moja, amekunywa kidogo, akainuka akisema maji yamekataa sura mbaya. Waliokuwa naye walicheka sana. Mwaka wa pili haukwisha, akaanguka bafuni ananyoa ndevu. Ryohei, ambaye alikuwa bado anasoma, ndiye aliyemfuta povu la sabuni shavuni. Tangu hapo kila alipokwenda kaburini alipita kisima kile amegeuza uso, kama mtu anayepita kwa mdai wake.

Lakini siku ile alikuwa na furaha, na furaha ilimtia ujasiri wa kijinga. Kozue alikuwa ameshatangulia kwenye ngazi za mawe zinazofuata, anapanda kwa kurukaruka.

"Taratibu!" alimpigia kelele. "Usijikwae hapo! Ukianguka kwenye ngazi hizo hutamaliza miaka mitatu!"

"Mlima gani huu, hata ngazi zinahesabia watu miaka!" Kozue alicheka, akaendelea kuruka.

Ryohei akagusa kijaluba. Akajiambia: siwezi kumwoa mwanamke huyu huku nakimbia shimo la maji. Nitachungulia mara moja, nimalizane nalo, nianze upya. Akaweka mikono juu ya jiwe, akainama.

Hakuona kitu. Akavuta pumzi, akasogeza kichwa, akatazama tena. Weusi mtupu. Hapakuwa na uso wala miwani, hata mstari wa bega lake haukuwapo. Masikio yakaanza kumvuma. Alisikia harufu ya sabuni ya kunyolea kana kwamba mtu ameifungua hapohapo.

"Ryohei! Njoo bwana, baba anatusubiri!"

Alikwenda. Alichoma ubani, akafumba mikono, akamtambulisha Kozue kwa jina tu. Pete haikutoka. Alisema kichwa kinamuuma, na njia nzima ya kurudi Osaka alitazama dirishani, mkono wake baridi ndani ya mkono wa Kozue.

Tangu siku hiyo simu zikapungua. Kozue akituma ujumbe mrefu, anajibiwa "sawa". Akimwalika chakula, ana kazi. Desemba, taa za barabarani zimeshawashwa na wapenzi wote wa mji wanapigana picha chini yake, Ryohei alimpigia.

"Kozue. Tuache."

"Tuache nini?"

"Haya mambo yetu. Mimi na wewe."

"Umelewa?"

"Sijalewa. Nimepata mwingine."

"Mwingine." Kozue aliketi juu ya sakafu ya karakana, brashi bado mkononi, rangi ya kamba wa bandia inadondoka kwenye goti. "Anaitwa nani?"

Ryohei hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Haikuhusu," alisema mwishowe.

Angekuwa ametulia, Kozue angegundua kuwa mtu hatafuti hivyo jina la anayempenda. Lakini alikuwa ameumia, na aliyeumia hachunguzi. "Kwa hiyo ulinipeleka kwa babako kwa ajili gani? Kunionyesha mawe? Miezi yote hii unanipigia usiku, umefika, umefunga, kumbe unajizoeza tu! Una roho gani wewe?"

"Nisamehe."

"Sikusamehi!"

"Sawa. Usinisamehe. Ila gesi, Kozue. Usisahau kufunga gesi."

"Mwambie huyo mwanamke wako afunge yake!"

Akaitupa simu ndani ya ndoo ya wali wa plastiki. Kisha akalia, na watu wa karakana, ambao ni wapole kwa mambo kama hayo, wakajitia kuwa na kazi nyingi upande wa pili.

Ryohei naye alilia, lakini hakuwa na wa kumwona. Alikuwa amekaa kitandani taa imewashwa, kwa sababu sasa aliogopa hata kuizima. Kunyoa alikuwa ameacha. Ndevu zilimwota ovyo, wateja wakadhani ni mtindo. Jambo moja tu lilimpa nafuu, kwamba Kozue akimchukia sasa, hatamlilia baadaye.

Februari, siku moja ya theluji nyepesi, simu ya Kozue ililia na jina lililotokea lilikuwa la Fusae, dadake Ryohei, mwenye mgahawa wa chapati za kabichi. Kozue aliitazama ilie, akaipokea mwishoni kabisa.

"Mdogo wangu, usikate," alisema Fusae. Nyuma yake mafuta yalikuwa yanachachatika. "Najua una hasira naye. Nina swali moja tu. Mlipokwenda mlimani, yule mpumbavu alichungulia kisima?"

"Kisima gani?"

"Cha Daraja la Kati."

Kozue alikumbuka kugeuka pale ngazini na kumwona amesimama chini, uso mweupe kama tofu. "Sijui. Labda. Dada Fusae, si ana mwanamke mwingine?"

"Mwanamke! Mwanamke gani? Huyo anaogopa hata kuingia saluni ya wanawake kuuliza njia! Sikiliza. Jana kaniletea funguo za nyumba yake. Kaniletea saa ya baba. Kaniambia nijifunze mambo ya duka lake, eti huwezi kujua. Leo ni siku aliyokufa baba, amekwenda huko juu peke yake, simu haipatikani." Akaeleza habari ya baba, kisima, povu la sabuni, kwa maneno machache, kama mtu anayeeleza jambo ambalo nyumbani kwao halitajwi.

"Na wewe unaamini?" Kozue aliuliza.

"Mimi? Siamini hata kidogo," alisema Fusae. Mafuta yakachachatika. "Lakini sijawahi kuchungulia."

Kozue, aliyekuwa peke yake karakana siku hiyo, hakubadili nguo. Alitoka na aproni ya kazi chini ya koti la haradali, mikono ina rangi, akakimbilia Namba. Ndani ya treni hasira na hofu zilimpigania. Mara alitaka kumzaba Ryohei kibao, mara aliomba kimoyomoyo amkute mzima. Maana mtu aliyeshagawa funguo na saa, tena yuko peke yake kwenye mlima wenye barafu, huhitaji kisima ili umwogopee.

Makaburini hapakuwa na watu. Theluji ilikuwa imefunika vichwa vya sanamu ndogo za Jizo, vitambaa vyao vyekundu vya shingoni vimejitokeza kila upande, na ukungu ulikuwa umeshuka hata vilele vya mierezi havionekani. Kozue, aliyezoea kucheka kila kitu, hakucheka. Alihisi kila jiwe lina mtu nyuma yake. Tawi likiangusha theluji, moyo unaruka. Mbele yake palikuwa na nyayo za mtu mmoja zinazokwenda bila kurudi, naye akazifuata akisema kwa sauti, "Ni mimi tu, napita, ni mimi tu, napita," bila kujua anamwambia nani.

Nyayo zilivuka Daraja la Kati zikakoma. Ryohei alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha Jizo, theluji imemjaa mabegani, ndevu zimeota, miwani ina ukungu. Hakuwa ameweza kupita kisima.

"Yuko wapi?" Kozue aliuliza.

Aligutuka nusura aanguke. "Kozue? Nani yuko wapi?"

"Huyo mwanamke wako. Nimekuja kumsalimia."

"Hayupo."

"Hayupo, na hajawahi kuwapo. Fusae ameniambia yote." Akamsogelea, akaanza kumpangusa theluji mabegani kwa makofi, kila kofi lina uzito wa miezi miwili. "Kwa nini hukuniambia? Kwa nini ulinifanya nikuchukie?"

"Unajua mama alioga wapi baada ya baba kufa?" alisema Ryohei. "Bafu la mtaani. Kiangazi, kipupwe, mvua, anabeba beseni lake anakwenda kulipia. Bafu la nyumbani hakuliingia tena mpaka na yeye alipokufa. Nilikuwa namwona anarudi usiku nywele zimelowa. Sitaki uje ubaki na chumba usichoweza kukiingia kwa sababu yangu. Heri unichukie."

Kozue akaacha kumpiga. Akamshika mikono. "Siku ya kwanza uliungua na supu ya plastiki."

"Najua."

"Vidole vilikuwa vyekundu."

"Vilikuwa vyekundu."

"Kwa plastiki, Ryohei!"

"Baba hakufa kwa plastiki."

Mtu alikufa kweli, na mwanawe alimfuta povu. Kozue alitazama kisima, kijipaa chake kimebeba theluji. Kisha akamwachia mikono, akaenda.

"Kozue, usiende! Usitazame! Nakuomba!"

Alikwisha kuweka viganja juu ya jiwe. Baridi ilimpanda mpaka viwikoni. Harufu ya maji ya siku nyingi ikampiga puani. Alikuwa amekuja pale kuonyesha kwamba ni upuuzi, na hapo hapo, juu ya ule mdomo mweusi, woga ukamkamata kuliko ulivyowahi kumkamata maishani. Je, nisipojiona? Je, nikijiona mimi, yeye akabaki peke yake? Akainama kama aliyeahidi kuinama, na akafumba macho. Aliyakaza hasa, kama mtoto anayepigwa sindano. Akahesabu pumzi kadhaa, akainuka.

"Umeona nini?" Sauti ya Ryohei haikuwa na mate.

"Sikuona kitu," alisema Kozue. Nalo lilikuwa kweli.

Ryohei alimrukia, akamshika mabega. "Tazama tena."

"Sitazami."

"Hukutazama vizuri! Tazama, jua liko wapi? Hakuna jua! Ukungu umefunga, mierezi imefunga, juu ya kisima kuna paa, na hicho kidogo kinachoingia umekiziba kwa kichwa chako mwenyewe. Maji yenyewe yako chini. Mtu hawezi kuona sura yake hapo, Kozue. Kazi yangu ni macho ya watu, kutwa nakaa na macho ya watu, nakwambia mtu hawezi! Si ishara. Si kitu. Hufi! Unanisikia? Wewe hufi!"

Alikuwa anapiga kelele. Theluji ilianguka kutoka mti wa karibu kwa kishindo, na kwa mara ya kwanza tangu Kozue amjue, Ryohei hakugutuka.

"Na ile Novemba," Kozue aliuliza taratibu, "jua lilikuwa wapi?"

Ryohei alikitazama kisima.

"Lilikuwa limeshazama nyuma ya miti," alisema.

"Paa lilikuwapo?"

"Lilikuwapo."

"Na kichwa chako?"

Ryohei akaketi palepale juu ya theluji, akalia kwa sauti mbele ya Jizo na wafu wote wa mlima ule. Kozue akaketi kando yake. Sisemi kwamba woga wake ulikwisha. Mtu aliyelelewa na woga haumtoki kwa kikao kimoja. Ila sasa alikuwa ameusikia mdomo wake mwenyewe ukiupinga, na maneno yale hayakuweza kurudi ndani.

Alipotulia alitoa kijaluba cha miwani. "Hii nilikuja kumwachia baba kaburini."

Kozue alikifungua. "Baba ataivaa kidole gani?"

Ryohei akacheka, cheko bovu la mtu aliyelia. Kisha akapiga magoti sawasawa, akafuta miwani kwa kidole gumba. "Kozue. Sijui tuna muda gani. Ikiwa ni miaka mitatu, twende nayo wote wawili. Ikiwa ni hamsini, vilevile. Nitaogopa kila siku, nakwambia mapema. Unanikubali?"

Kozue alimtazama kwa muda uliomtisha Ryohei kuliko kisima. Halafu akanyoosha kidole. Kilikuwa kimevimba kwa baridi, kina rangi ya kamba kwenye ukucha, na pete ikakwama kwenye fundo. Ryohei alikipulizia pumzi ya moto mpaka ikapita.

Wakapanda zile ngazi kwenda kwa baba. Safari hii Kozue hakuruka hata ngazi moja. Alimshika Ryohei mkanda, akatazama pa kukanyaga, na hakuna aliyefanya mzaha.

Jioni waliingia kwenye behewa linaloteremka mlima kwa kamba ya chuma. Walikuwa wao na mtawa mmoja mzee aliyesinzia. Vioo vilikuwa vimeshaanza giza, na sura zao zilionekana humo, koti la haradali na ndevu za ovyo, zimeegemeana. Ryohei alizitazama sana.

"Ryohei."

"Naam, mpenzi."

"Pale kisimani, nilikuwa nimefumba macho."

Behewa lilishuka kidogo kabla hajaelewa. "Ulikuwa umefumba?"

"Niliogopa. Nilishindwa. Ulipouliza nimeona nini, nikajibu ukweli."

Ryohei alianza kucheka, mtawa akafungua jicho moja. "Umenilisha ya bandia tena!"

"Na uliungua?"

"Niliungua kweli." Kicheko kikamwisha polepole, na ile hali ya zamani ikamrudia usoni. "Kwa hiyo asiyejiona ni mimi peke yangu."

"Ni wewe peke yako."

Alikitazama kidole cha Kozue chenye pete. Alisema kwa shida, "Basi kama unataka kuivua, sitakulaumu. Uliivaa tukiwa tunadhani ni wote wawili."

"Nani alidhani?" Kozue alisema. "Wewe ndiye uliyedhani. Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba ni wewe tu. Nikanyoosha kidole."

Ryohei aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili, kama alivyolidaka bakuli siku ya kwanza, na hakuuachia mpaka behewa lilipogonga taratibu kituo cha chini. Mtawa akashuka. Nao wakasimama.

"Kozue."

"Nini?"

"Ulipotoka karakana mbio vile. Jiko la kuyeyushia plastiki. Gesi ulifunga?"

Kozue akafikiri. Macho yakamtoka.

"Mama yangu!" alisema, na wote wawili wakaruka kwenye ngazi za stesheni, wanakimbilia treni ya Namba wameshikana mikono.